Maji mekundu si lazima yawe maji ya giza: niliyojifunza Embu na Meru

Mvua ikinyesha bara, sisi watu wa Kipini hatungoji redio itwambie. Siku kadhaa baadaye Mto Tana hubadilika rangi, ukawa mwekundu kama chungu kipya, na ule wekundu ukaingia baharini mpaka Ghuba ya Ungwana ikagawika mapande mawili: huku maji ya mto, kule maji ya bahari.

Kisha maneno huanza. Barazani utasikia kwamba watu wa Meru na Embu wametumwagia mashamba yao, kwamba nyasi za bahari zimekufa kwa giza, kwamba samaki wamekimbia. Ukipanda huko juu nako utasikia jawabu: udongo ni wa Mungu, mto ni wa Mungu, na nyinyi wa pwani mwalalamika tu.

Mimi ni mzaliwa wa Kipini, na kazi yangu ni kupima maji. Kazi hiyo ilinipeleka Embu, kisha Meru, na baadaye ikanirudisha nyumbani. Katika safari hiyo nilikosea mara mbili mbele za watu. Mara ya kwanza niliwaonea wakulima wa kahawa. Mara ya pili niliwatia hofu wavuvi wenzangu. Makosa yote mawili yalitoka mahali pamoja: sikutofautisha mwanga uliomezwa na maji na mwanga uliotawanywa na tope. Leo nataka kulieleza jambo hili, kwa sababu kila siku tunaletewa ripoti za maji, na tarakimu isiyosahihishwa yaweza kumtia mtu hatiani.

Tope la nani hufika kwetu?

Kwanza tuuweke mto mahali pake. Watu wengi wa Malindi hudhani tope lao latoka Mlima Kenya. Sivyo. Maji mekundu ya Malindi ni ya Mto Sabaki, ambao ndio Athi na Galana, unaotoka upande wa Nairobi, Kiambu na Ukambani. Mto wa Mlima Kenya ni Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, wa takriban kilomita 1,000, nao humwaga maji yake Ghuba ya Ungwana.

Lakini hata mito ya Mlima Kenya haifanani. Rupingazi, unaopita mjini Embu, hujiunga na Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu. Kutoka Masinga kuteremka kuna mabwawa matano: Masinga, lililokamilika mwaka 1981, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Kindaruma la 1968 na Kiambere la 1988. Maji yakiingia bwawani hutulia, na udongo mwingi hukaa chini. Kwa hiyo tope kubwa la Rupingazi halifiki kwetu; hubaki kule likijaza mabwawa ya umeme.

Kathita, unaopita Meru, na Mutonga, ni hadithi nyingine. Mito hiyo hujiunga na Tana chini ya Kiambere, baada ya bwawa la mwisho. Mbele yake hakuna chujio. Tena, watafiti waliopima Tana tangu vyanzo vyake hadi karibu na delta, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012, walikuta kwamba udongo hupungua mabwawani kisha huongezeka tena chini yake, kwani mto wenyewe hula kingo zake ukielekea Garissa na Garsen. Kwa hiyo tope tunaloliona Kipini si la shamba moja wala la kabila moja. Na ndiyo sababu kipimo chake chataka uangalifu.

Chai ya mkandaa na tui la nazi

Jambo lenyewe utalielewa jikoni. Chukua bilauri mbili za kioo. Moja itie chai ya mkandaa iliyokolea. Ya pili itie maji, kisha udondoshee matone machache ya tui la nazi mpaka yafanye ukungu. Zima taa, washa tochi ya simu, uiweke nyuma ya kila bilauri.

Kwenye chai utaiona tochi. Imefifia, imekuwa nyekundu, lakini ukingo wake uko wazi. Mwanga uliopungua umemezwa na rangi ya chai, ukageuka joto. Haupo tena.

Kwenye tui huenda usiione tochi kabisa. Badala yake bilauri nzima itang'aa, pembeni, juu, na mpaka mkono wako ulioishika. Mwanga haukumezwa. Kila chembe ya mafuta ya tui imeukengeusha, ukatoka kila upande isipokuwa ule uliokuwa ukiutazama.

Sasa tuseme umeweka jicho moja tu, limesimama mbele ya bilauri likitazama tundu dogo. Jicho hilo litasema: chai imepunguza mwanga, na tui limepunguza mwanga. Litatoa tarakimu mbili, pengine zinazolingana. Halina njia ya kujua kwamba katika bilauri moja mwanga umekufa, na katika ya pili umepotea njia tu. Vyombo vyetu vingi vya kupimia maji ni jicho la namna hiyo.

Kanuni inayotumika ni ya zamani. Mfaransa Pierre Bouguer aliieleza mwaka 1729, Johann Lambert akaiandika kihesabu mwaka 1760, na August Beer mwaka 1852 akaihusisha na kiasi cha kitu kilichoyeyushwa. Maana yake ni nyepesi: kila tabaka la maji hukata sehemu ileile ya mwanga uliolifikia. Mita ya kwanza ikikata nusu, mita ya pili hukata nusu ya ile nusu iliyobaki. Kanuni hii ni ya kweli, lakini ina sharti: inadhani kwamba mwanga usiofika umemezwa. Ukiitumia kwenye maji ya tope bila kusahihisha, umelivunja sharti hilo, na hesabu itakuvunjia heshima.

Kosa la kwanza: kiwanda cha kahawa

Embu na Meru msimu mkuu wa kahawa huangukia Oktoba hadi Desemba, na huo ndio wakati wa mvua za vuli. Kahawa mbivu humenywa na kuoshwa kwa maji mengi, na viwanda vingi viko karibu na mito. Maji ya kuoshea kahawa yana rangi ya hudhurungi. Msimu huohuo mvua hukokota udongo mwekundu kutoka mashambani na barabarani. Kwa hiyo mto hupata chai na tui kwa pamoja.

Nilikuwa katika mradi mmoja mdogo. Tukachota maji juu ya kiwanda kimoja na chini yake, tukayapeleka maabara, tukayatia katika spektrofotomita, mashine inayopitisha mwanga wa rangi moja ndani ya kichupa cha sentimita moja na kusoma kiasi gani kimetokea upande wa pili. Tulitumia mwanga wa kibuluu, kwa kuwa rangi ya mimea iliyooza na uchafu wa kahawa hula kibuluu sana. Maji ya chini ya kiwanda yalisomeka mara kadhaa zaidi ya yale ya juu.

Nikafurahi kama mvuvi aliyenasa nguru. Kwenye mkutano wa wakulima nikasimama nikasema rangi hii ni ya kiwanda. Mama mmoja akauliza, kwa upole tu, "Wewe mtu wa Mombasa, kiwanda kikifungwa, kahawa yangu nitaipeleka wapi?" Kule bara kila mpwani ni mtu wa Mombasa, sikumkosoa. Lakini sikuwa na jawabu.

Tuliporudi maabara, fundi mmoja wa makamo, Mmeru, akatazama daftari langu akaniuliza neno moja: "Umechuja?"

Sikuchuja. Akachukua maji yaleyale ya chini ya kiwanda, akayapitisha kwenye chujio lenye vitundu vidogo kuliko chembe za udongo, akarudisha kichupa mashineni. Tarakimu ikaanguka mpaka ikakaribia ile ya maji ya juu. Rangi iliyoyeyuka haikuwa imeongezeka kwa kiasi cha kutajika. Kilichoongezeka kilikuwa udongo, ambao ulikengeusha mwanga ukaikosa shabaha, na mashine ikauhesabu kama umemezwa na rangi. Tuliporudi mtoni tukaona: kati ya sehemu mbili tulizochota kulikuwa na kijito kinachoshuka kutoka barabara mpya iliyochongwa mlimani, na mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni.

Sisemi kwamba kiwanda kilikuwa kisafi. Maji ya kahawa hula hewa ya oksijeni mtoni, na hilo lina kipimo chake. Lakini tarakimu niliyoishika haikuwa ushahidi juu yao. Ilinibidi nirudi kwenye mkutano uleule niseme nimekosea. Yule mama hakunicheka. Alisema tu, "Basi mwambie mwenye barabara."

Namna ya kusahihisha maabara

Kuna njia tatu zitumikazo, na ni vyema msomaji azijue ili aulize.

Ya kwanza ni kuchuja. Pima maji mabichi, kisha pima yaliyochujwa. Yaliyochujwa yatakupa rangi iliyoyeyuka. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo kazi ya chembe, kumeza na kutawanya kwa pamoja.

Ya pili ni kutumia mwanga mwekundu wa mbali kama kitu cha kulinganishia. Rangi ya mimea iliyooza na kijani cha mwani havimezi mwanga wa nanomita 750 kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mashine ikisoma upungufu hapo, huo wachukuliwa kuwa ni wa kutawanyika, na hutolewa kwenye usomaji wa rangi nyingine. Ndivyo wapimaji wa kijani cha mwani wafanyavyo siku zote: wanapima 750, wanatoa. Tuchukue mfano wa kufundishia. Maji mabichi yamesoma 0.30 kwenye kibuluu na 0.20 kwenye 750. Ukitoa unabaki na 0.10. Yaliyochujwa yamesoma 0.05. Basi rangi iliyoyeyuka ni 0.05, na ile 0.05 nyingine ni ya udongo. Aliyesimama na 0.30 mkononi alikuwa akidai mara sita ya ukweli.

Lakini njia hii ina mtego hasa kwa Embu na Meru. Inadhani mambo mawili: kwamba chembe hazimezi kitu kwenye 750, na kwamba hutawanya rangi zote sawasawa. Udongo wa volkano wa miteremko ya Mlima Kenya ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Chuma hicho humeza kibuluu kwa nguvu, na udongo wa aina hii waweza kumeza kidogo hata huko 750. Tena chembe ndogo sana hutawanya kibuluu zaidi kuliko chekundu. Kosa la kwanza hukufanya utoe zaidi ya inavyopasa, la pili hukufanya utoe pungufu. Hayafutani kwa ahadi. Kwa maji ya tope zito, kuchuja ni salama zaidi.

Ya tatu ni ya maabara zenye uwezo: kuweka kichupa katikati ya tufe lililopakwa weupe ndani. Mwanga uliotawanyika hugonga ukuta mweupe, huruka tena na tena mpaka ufike kwenye kipokezi. Kwa hiyo kinachokosekana ni kile kilichomezwa kweli.

Kosa la pili: kisahani cha Kipini

Ungedhani nilishaerevuka. Niliporudi nyumbani nilitaka kujua kama mwanga unazifikia nyasi za bahari upande wa kaskazini ya mdomo wa mto, kuelekea Lamu. Nyasi hizi ndizo malisho ya kasa na nguva, na ndizo kitalu cha samaki wadogo. Utafiti mashuhuri wa mwaka 1991, uliokusanya takwimu za pande nyingi za dunia, ulikuta kwamba kwa wastani nyasi za bahari hukoma kwenye kina ambacho kinapata takriban asilimia 11 ya mwanga wa juu.

Chombo nilichotumia ni rahisi kuliko vyote: kisahani cha Secchi. Kilipata jina kwa Angelo Secchi, padri wa Kiitalia na mwanafalaki, aliyekijaribu katika bahari ya Mediterania mwaka 1865. Ni sahani iliyofungwa kamba. Unaishusha, na pale inapopotea machoni unasoma urefu wa kamba. Mwaka 1929 watafiti wawili, Poole na Atkins, walitoa kanuni: gawa 1.7 kwa kina hicho, utapata kasi ya mwanga kufifia kwa kila mita. Watu wameitumia tangu hapo.

Nami nikaitumia. Nikaja bandarini, nikawaambia wavuvi kwamba pale chini ni giza, nyasi haziwezi kuishi. Nahodha mmoja, mtu mzima, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe wasema kuko giza. Mbona wavu wangu wazipandisha mbichi, na mizizi yake, na majani mapya?"

Nilikaa kimya. Nyasi hazijui kusema uongo.

Kosa lilikuwa hili. Kisahani hakipotei kwa sababu ya giza. Hupotea kwa sababu ya ukungu. Ili uione sahani, mwanga lazima utoke kwake uje jichoni kwa njia iliyonyoka. Tope likiukengeusha, sura ya sahani hufutika, ingawa mwanga mwingi bado unashuka chini kwa kuyumbayumba. Ni kama tochi nyuma ya tui. Kwa hiyo kwenye maji ya tope kisahani hupotea mapema mno, na kanuni ya 1.7, ambayo haikutokana na maji ya namna hii, hufanya bahari ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Ndiyo maana mwaka 1970 mtafiti aitwaye Holmes alipendekeza 1.44 kwa maji ya pwani yenye tope.

Tofauti ya 1.7 na 1.44 yaonekana ndogo. Ifuate. Tuseme kisahani kimepotea kwenye sentimita 80 na nyasi ziko mita 1.2 chini. Kwa 1.7, mwanga unaofika ni karibu asilimia 8: nyasi hazina maisha. Kwa 1.44, ni karibu asilimia 11 na nusu: nyasi zaishi, kwa shida lakini zaishi. Sahani ileile, kamba ileile, siku ileile. Nahodha alikuwa sahihi bila chombo chochote.

Hesabu ya mwanga ulioyumba

Mwanasayansi wa Australia, J. T. O. Kirk, ndiye aliyetuwekea hesabu nzuri ya jambo hili. Aliiga kwa kompyuta safari za miale mingi ndani ya maji, kila mmoja ukimezwa au ukikengeuka kwa bahati. Matokeo yake: ukilijua kadiri la kumeza na kadiri la kutawanya, waweza kukisia kasi halisi ya mwanga wa jua kufifia. Jua likiwa utosini, kanuni ni hii: kumeza mara kumeza, ujumlishe 0.256 mara kumeza mara kutawanya, kisha utafute kipeuo cha pili.

Chukua maji ya tope ambayo humeza 1 kwa mita na kutawanya 8 kwa mita. Chombo cha jicho lililonyoka kitajumlisha na kusema 9, na kwa hesabu hiyo mwanga unaofika mita moja ni sehemu moja kati ya 8,000. Giza la kaburini. Ukisahau kabisa kutawanyika na kuchukua 1 peke yake, utasema asilimia 37. Kanuni ya Kirk hutoa 1.75, yaani asilimia 17.

Hapo pana funzo la pande mbili. Tope huleta madhara, kwa sababu mwale unaoyumba hutembea njia ndefu zaidi na hupata nafasi nyingi za kumezwa; ndiyo maana 37 imeshuka hadi 17. Lakini haileti giza lile ambalo chombo kilichonyoka hutangaza. Anayesema tope si kitu amekosea, na anayesema limezima taa amekosea.

Kuna na kosa la upande wa pili kabisa. Vyombo vingine vina jicho pana. Chembe za tope hukengeusha sehemu kubwa ya mwanga kwa pembe ndogo tu, karibu mbele moja kwa moja, na jicho pana huupokea mwanga huo kana kwamba haukuguswa. Chombo hicho kitasema maji ni safi kuliko yalivyo. Kwa hiyo vyombo viwili vilivyo vizima, katika ndoo moja ya maji ya Kathita, vyaweza kutofautiana, na hakuna aliyesema uongo. Kinachotakiwa ni kujua upana wa jicho.

Twaweza kufanya nini bila mashine ghali?

Kwa shule zetu na kamati za BMU, njia bora ni kuupima mwanga wenyewe ulioko chini badala ya kuukisia. Tumia vipima mwanga viwili visivyoingia maji: kimoja kibaki juu ya mashua, cha pili kishushwe hatua kwa hatua. Cha juu ni muhimu, kwani wingu likipita utadhani ni tope. Simama upande wa mashua unaotazama jua ili kivuli kisikudanganye. Na ukiweza, cha chini kiwe cha umbo la mpira badala ya bapa. Kwenye maji ya tope mwanga huja kutoka pande zote, na jani la nyasi huupokea kutoka pande zote. Kipima bapa huona ule wa juu tu.

Kisahani nacho msikitupe. Ni rahisi, na ukipima mahali pamoja kila wiki kitakuonyesha mabadiliko. Ila kipimeni pamoja na kipima mwanga siku kadhaa, za kiangazi na za mvua, mpate namba yenu wenyewe badala ya kukopa 1.7.

Na ripoti ikija na kipimo cha NTU, jueni kwamba hicho hupima mwanga uliotawanyika pembeni, kwa nyuzi 90. Huonyesha ukungu wa maji. Hakisemi mwanga kiasi gani umefika chini. Maji ya chai ya mkandaa yaweza kuwa na NTU ndogo na giza kubwa.

Kwa hiyo ripoti yoyote ya maji ikisomwa mbele yenu, iwe imetoka Embu, Meru, Nairobi au kwangu mimi, ulizeni maswali matatu. Maji yalichujwa, na vipimo vyote viwili viko wapi? Mwanga uliotawanyika ulisahihishwa kwa njia gani? Kisahani kilitumika kwa namba ipi? Mpimaji mwaminifu hatakasirika. Mimi niliulizwa neno moja tu, "Umechuja?", na likawaokoa wakulima kijiji kizima.

Wala nisieleweke vibaya. Tope jingi hufunika matumbawe, huziba matamvua ya samaki na huzamisha mifereji. Upande mwingine, kamba wa Ghuba ya Ungwana na mikoko ya delta wahitaji sehemu ya udongo huohuo. Mto ukija mweupe kabisa pia tutalia. Kati ya mawili hayo kuna kiasi, na kiasi hakijulikani kwa macho wala kwa hasira.

Mwezi uliopita nilimpelekea yule nahodha hesabu mpya. Aliitazama, akanirudishia karatasi, akaniuliza kama mito ya Meru imeanza kupanda. Nikamwambia mvua imenyesha. Akaenda kuzisogeza nyavu zake kaskazini, kabla maji mekundu hayajafika.